Ufunguo Mmoja, Milango Arobaini

Kuna rai imetugandama kama kupe: nywila nzuri ni ile unayoikumbuka mwenyewe, haijaandikwa popote, wala hakuna mtu au chombo kingine kinachoijua. Anayetumia programu ya kutunzia nywila huonwa ama mvivu wa kukariri, ama zuzu aliyemkabidhi mgeni funguo za nyumba. Utaisikia rai hiyo kwa ofisa wa TEHAMA anayeendesha semina ya wafanyakazi, kwa karani wa benki, kwa mwalimu wa kompyuta, na kwa mjomba ambaye Facebook yake imeshatekwa mara mbili, na mara zote mbili ikawaomba ndugu na jamaa watume nauli. Simu huiita nenosiri, vitabuni ni nywila, mtaani ni paswedi. Wosia ni ule ule: iweke kichwani.

Tuitendee haki kabla ya kuibomoa. Wanaoishika wana hoja zao. Kisichoandikwa hakiokotwi. Funguo zikikusanywa ndani ya sanduku moja, mwizi akilipata sanduku amemaliza kazi. Programu hizo ni za kampuni za mbali, na kampuni huvamiwa. Yaliyoikuta LastPass, mojawapo ya kampuni hizo, mwaka 2022 si siri. Tena kichwa hakidai malipo ya mwezi, hakili bando, hakiishiwi chaji. Ukiusikiliza upesi, ni ushauri wa mtu mzima. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayeufuata, na wanaoutoa ndio wa kwanza kuukiuka, kwa sababu haufuatiki.

Ushauri huo ulikotoka kunajulikana. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kushika kompyuta walipewa siri yao ya kwanza ya kidijitali: tarakimu nne. Pamoja nayo wakapewa somo moja: usimpe mtu namba yako ya siri, usiiandike. Kwa mlango ule somo ni sahihi. Tarakimu nne zinakaa kichwani bila taabu, mwizi hana faida nazo mpaka awe na laini yako, na akikosea mara chache mlango unajifunga. Nywila ya mtandaoni haina hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu. Ni ndefu, ziko nyingi, na mtu asiyejua hata Tanga iko upande gani wa dunia anaweza kuijaribu akiwa kitandani kwake. Tumeichukua adabu ya mlango mmoja tukaihamishia kwenye milango arobaini, na bado tunashangaa kuibiwa.

1. Kichwa si ghala

Hesabu milango kwanza. Mchukue kijana aliyehitimu chuo Dodoma. Ana barua pepe, ambayo bila hiyo asingeshusha programu hata moja kwenye simu yake. Ana akaunti ya Bodi ya Mikopo, ana Ajira Portal, ana mfumo wa kodi, programu ya benki, Facebook, Instagram, TikTok, duka la mtandaoni alikonunua viatu mara moja akalisahau, na tovuti ya kubeti ambayo haitaji mbele ya mama yake. Mwenzake wa Nakuru ana eCitizen, iTax na HELB. Hakuna kati yao aliyeziomba akaunti hizi kwa kupenda anasa. Nyingi amelazimishwa, kwa kuwa dirisha la huduma lilipofungwa palifunguliwa tovuti. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Microsoft, Dinei Florêncio na Cormac Herley, walichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji wapatao nusu milioni. Mtu wa kawaida alikuwa na akaunti 25 hivi, lakini nywila zake hazikufika 7, na kila moja ilifungua karibu tovuti 4. Hiyo ni hesabu ya kabla simu janja hazijaenea.

Kwa hiyo mtu anapojigamba kwamba anazikumbuka nywila zake zote, mwamini. Ni tatu. Tena kati ya hizo tatu, moja ni jina la mtoto wa kwanza na mwaka wake wa kuzaliwa, ambavyo vyote viko Facebook pamoja na picha ya keki. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Laiti nywila nazo zingekuwa nywele! Tovuti ya RockYou ilipovamiwa Desemba 2009, nywila milioni 32 zilimwagika hadharani, na iliyoongoza kwa wingi ilikuwa 123456. Watu wanaokaribia laki tatu, kila mmoja kwa siri kubwa na bila kumwambia mwenzake, walichagua kitu kile kile. Hivyo ndivyo kichwa kinavyofanya kazi kikiachiwa kubuni siri, na si kosa la tabia. Ubongo umeumbwa kukumbuka sura, njia na madeni ya watu, haukuumbwa kukumbuka herufi 16 zisizo na maana, mara arobaini.

2. Siri haikai kichwani peke yake

Hapa ndipo rai hii inapovunjika uti wa mgongo. Wanaoitetea huongea kana kwamba nywila inaishi kwenye ubongo wa mwenyewe, na mwizi akiitaka lazima ampige ngwala. Nywila yoyote ina makao mawili: kwako, na kwa mwenye mlango, maana asipokuwa na kitu cha kulinganishia hatajua kwamba ni wewe. Wizi umekuwa kwa mwenye mlango tangu mwanzo. Mwaka 1962 pale MIT, chuo ambacho mfumo wake wa kompyuta, CTSS, ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa kutumia nywila, mwanafunzi wa uzamivu Allan Scherr alitaka muda zaidi wa kuitumia mashine kuliko aliopangiwa. Hakumchungulia mtu begani. Aliiagiza mashine ichapishe faili lenye nywila za wote, ikachapisha. Vichwa vya wenzake vilikuwa salama salimini.

Kampuni zenye adabu hazihifadhi nywila yenyewe. Huisaga kwanza, kama mahindi. Unga haurudi kuwa mahindi, kwa hiyo anayeiba unga hajapata nywila moja kwa moja. Lakini anaweza kusaga mahindi yake mwenyewe: anachukua 123456, anaisaga, analinganisha na unga alioiba, anachukua jina la mtoto na mwaka, anasaga, analinganisha, anafanya hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde, nyumbani kwake, bila mlango wowote wa kumfungia nje. RockYou waliacha mahindi mazima. LinkedIn, walioibiwa mwaka 2012, walisaga lakini bila kutia chumvi, na chumvi ndilo jina ambalo mafundi wenyewe wameipa ile punje ya ziada inayofanya unga wa kila mtu uwe tofauti hata kama mahindi ni ya aina moja. Mwanzoni ilionekana ni nywila milioni 6.5. Mwaka 2016 zikajitokeza sokoni milioni 117 pamoja na anwani za barua pepe.

Na uharibifu hauishii kwa LinkedIn. Mfanyakazi mmoja wa Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, alikuwa ametumia kazini nywila ile ile aliyoitumia kwingine, ikachotwa katika wizi huo. Wezi wakaingia nayo, na taarifa za akaunti milioni 68 za Dropbox zikaondoka. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial, linalolisha sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Marekani, lilizimwa kwa siku kadhaa, magari yakapanga foleni kwenye vituo, na kampuni ikawalipa wahalifu bitcoin 75, wakati ule kama dola milioni 4.4. Walipitia akaunti ya zamani ambayo nywila yake ilionekana baadaye ndani ya rundo la nywila zilizokwisha kuvuja. Hawakuvunja kufuli. Inaelekea walikuwa na ufunguo uliookotwa kwingine wakajaribu kama unaingia, kama yale makufuli ya bei rahisi ya sokoni ambayo ufunguo wa jirani hufungua stoo yako.

Kinachofanywa hapa na kitunza nywila ni jambo dogo tu: kinabuni nywila ndefu isiyo na maana kwa kila mlango na kuikumbuka kwa niaba yako. Duka la viatu likivamiwa, mwizi amepata ufunguo wa duka la viatu.

3. “Yangu ina herufi kubwa na alama”

Hili halihitaji maneno mengi. Kanuni ya herufi kubwa, tarakimu, alama, na kubadilisha nywila kila siku 90 ilienea kutokana na mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 Burr, akiwa mstaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika mle. Mwaka huo huo NIST wakaachana na sharti la kubadilisha bila sababu. Microsoft wakaliondoa kwenye mapendekezo yao ya Windows mwaka 2019. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walikuwa wameshaonyesha mwaka 2010 kwamba ukiijua nywila ya zamani ya mtu aliyelazimishwa kubadilisha, katika akaunti 17 kati ya 100 unaipata mpya kwa kukisia chini ya mara 5. Mantiki haikuwa ngumu: Dodoma@1 inakuwa Dodoma@2. Aliyekatazwa kuandika na papo hapo akaamriwa abadilishe hana njia nyingine. Semina za maofisini bado zinaendelea kufundisha kanuni ambayo mwandishi wake ameikana, na kikaratasi bado kimebandikwa chini ya kibodi.

4. “Ukiibiwa kimoja umeibiwa vyote”

Hii ndiyo hoja yao nzito, na inastahili jibu zito. Anza na swali: ni kweli leo vitu vyako viko mahali pengi? Nenda kwenye tovuti yoyote, bonyeza palipoandikwa “umesahau nywila?” Kiungo kinatumwa kwenye barua pepe. Facebook, mfumo wa kodi, duka la viatu, vyote vinatii sanduku moja. Anayelishika sanduku hilo anaufungua kila mlango kwa zamu, na njiani anakufungia wewe nje. Sanduku moja unalo tayari, basi. Ulilinunua siku uliyofungua Gmail. Tofauti ni kwamba umelifunga kwa jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, na ufunguo huo huo umeugawa kwa duka la viatu na kwa tovuti ya kubeti.

Sasa LastPass, bila kuficha uchi. Agosti 2022 wavamizi waliingia kwenye mazingira ya waandishi wa programu. Kwa walichokipata humo wakamwinda mhandisi mmoja mpaka kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kupitia programu ya kuchezea filamu iliyokuwa na tundu, wakanasa alichoandika kwenye kibodi, wakafika kwenye nakala za akiba za masanduku ya wateja. Nywila mle zilikuwa zimesimbwa. Anwani za tovuti hazikusimbwa, aibu isiyo na utetezi, maana mwizi alijua nani ana sanduku lenye benki na nani ana sanduku lenye mapishi. Na kuna wateja wa zamani ambao masanduku yao yalikuwa yameachwa na mizunguko 5,000 ya kusaga wakati wapya walikuwa na 100,100. Aliyekuwa na nywila kuu nyepesi, yaani ile moja inayofungua sanduku zima, juu ya mizunguko michache alikuwa hatarini kwelikweli.

Haya yanathibitisha nini? Kwamba kampuni moja ilizembea, na kwamba mtunza funguo huchaguliwa kwa macho mawili. Hayathibitishi kwamba urudi kwenye nywila tatu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika tukio baya kuliko yote lililowahi kuipata biashara hii, mwizi aliondoka na masanduku ambayo bado alipaswa kuyavunja moja moja, na mwenye nywila kuu ndefu alipata muda wa kubadilisha vitasa kabla hajafikiwa. Linganisha na RockYou, ambako mwizi aliondoka na mahindi yakiwa kwenye gunia wazi. Anayenukuu LastPass ili kutetea kichwa chake amekabidhi siri ile ile kwa kampuni arobaini, hajui hata moja inaihifadhi vipi, na hatapewa taarifa hata kesho. Kampuni moja iliyochunguzwa inamtisha; arobaini zisizochunguzwa zinampa usingizi.

Na hakuna aliyelazimishwa kumwamini mgeni wala kumlipa. KeePass ipo tangu 2003, ni ya bure, na sanduku lake ni faili linalokaa kwenye simu au flashi yako bila kugusa intaneti. Bitwarden ina huduma ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Simu nyingi zina kitunza nywila ndani tangu dukani. Hoja ya bando na malipo ya mwezi tuiache ilale.

5. Jicho hudanganyika

Mpenzi wa kukariri ana udhaifu mwingine asioutaja: anayekumbuka nywila anaweza kuitoa. Ukurasa wa bandia wa benki huigwa mpaka rangi ya kitufe. Katika anwani, herufi l imebadilishwa na tarakimu 1, na kwenye kioo cha simu iliyopasuka kona hata malaika hawezi kuona. Mwenye nywila kichwani anaiona nembo anayoijua, anaandika. Kitunza nywila hakioni nembo. Kinalinganisha anwani herufi kwa herufi na ile iliyohifadhiwa, na isipolingana kinakaa kimya, hakijazi kitu. Ukimya huo ndio kengele. Halafu kuna tovuti ambazo, kwa jina la usalama, zinazuia kubandika nywila ili uiandike kwa vidole. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, kiliwaomba wenye tovuti mwaka 2017 waache tabia hiyo. Bado wapo, na bado wanajiona walinzi.

Mpinzani atasema: wizi mwingi wa kwetu ni wa kupigiwa simu, “ile hela tuma kwa namba hii”, au wa laini kusajiliwa upya mikononi mwa mwizi, hapo kitunza nywila kinasaidia nini? Hakisaidii chochote, wala hakikutengenezwa kwa hilo. Chandarua hakizuii kipindupindu, na sijaona anayekichoma moto kwa kosa hilo. Namba ya siri ya pesa za simu ibaki kichwani kama ulivyofundishwa. Ni tarakimu nne.

6. Gharama ambayo haiandikwi

Kukariri kunahesabiwa kuwa bure. Nenda basi kwenye kibanda chochote cha simu usome kibao: flash, kubadilisha kioo, kutoa Gmail. Huduma hiyo ya tatu imezaliwa na kichwa. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti kwanza ikiwashwa hudai akaunti ile ile ya mwanzo. Na akaunti ya mwanzo mara nyingi ilifunguliwa na muuzaji kaunta siku ya kununua, mteja akiwa na haraka, nywila ikawa jina na 123, au kitu ambacho muuzaji alikijua peke yake. Mwaka mmoja baadaye mteja anamlipa fundi avunje mlango wa simu yake halali, na fundi mwenye ujuzi huo anauuza pia kwa mwenye simu ya wizi. Picha, namba za watu, mazungumzo ya miaka, vinabaki kwenye akaunti ambayo hakuna anayeweza tena kuifungua. Ada ya fundi inalipwa kila mara, lakini hakuna semina inayoitaja.

Ongeza ofisi ndogo ambayo ukurasa wake wa Facebook uko kichwani mwa kijana mmoja wa masoko. Akiacha kazi kwa ugomvi, wateja elfu kadhaa wanaondoka naye. Ongeza msiba. Marehemu alikuwa msiri kama alivyoshauriwa; barua za mkopo, risiti za kiwanja na picha za watoto ziko ndani ya barua pepe, na barua pepe imezikwa naye. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema waliokuwa na biashara kabla ya umeme.

7. “Usiiandike popote”

Wameshaiandika. Iko kwenye orodha ya majina ya simu, imehifadhiwa kama namba ya Mama Mdogo. Iko kwenye WhatsApp waliyojitumia wenyewe, kwenye picha ya skrini, kwenye ukurasa wa mwisho wa shajara ya ofisi. Mabishano ya kuandika au kutoandika yalikwisha zamani. Kilichobaki ni kuchagua kati ya kuandika mahali penye kufuli na kuandika mahali pasipo nalo.

Kinachobaki kichwani ni nywila kuu, moja, na hiyo isibuniwe na kichwa. Njia ya Diceware, aliyoitoa Arnold Reinhold mwaka 1995, inatumia dadu za kawaida, hata za ludo: rusha mara tano, tarakimu tano ulizopata zinakuelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Rudia mpaka ufikishe maneno sita. Orodha inaweza kuwa ya Kiswahili, haibadilishi hesabu: mafungu yanayowezekana ni namba yenye tarakimu 24, na mwizi akijua kabisa kwamba umetumia dadu na orodha gani, hajapunguziwa hata moja. Maneno sita yasiyohusiana hukaririka kwa wiki moja, na yale yanayochekesha hukaririka kwa siku mbili.

Ila wiki hiyo ya kwanza, na kwa ajili ya msiba ule, yaandike kwenye karatasi. Ikunje, itie kwenye bahasha yenye hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, ndani ya sanduku ambamo mama anafungia khanga zake nzuri. Ofisa wa semina atang’aka kwamba umeandika. Umeandika, tena kwa wino. Aliyekaa ng’ambo na faili la LinkedIn hana nauli ya kufika kwenye sanduku lile. Na aliyekwisha kuingia ndani mpaka akalivunja, ataanza na khanga na hati ya kiwanja.